Saa moja na robo iliyomchukua Mama Mikanda miaka kumi na minne

Abiria wa mwisho bado yuko kwenye ngazi. Anashuka taratibu, akilibembeleza goti lake, na chini ya mkia wa ndege wanawake wanne waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa wanamfuata kwa macho hatua kwa hatua. Hawamharakishi. Katika kazi yao kuna sheria moja isiyo na mjadala: hakuna anayetia mguu ndani mpaka abiria wa mwisho aguse ardhi.

Anagusa. Mwanamke aliyetangulia, mfupi, mwenye mabega mapana na glavu za njano, anapanda ngazi za nyuma kama mtu anayeingia kwake.

"Haya, akina mama, mume karudi," anasema, na wenzake wanaangua kicheko wakiwa tayari wamefungua mifuko ya taka.

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki uwanjani hapa. Kuanzia mlinzi wa lango hadi marubani, wote humwita Mama Mikanda. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akisafisha ndege hizi za mapangaboi mawili zinazokwenda na kurudi mji wa pili, ule ulio nyuma ya milima. Wana robo saa kumaliza kila kitu: taka, mifuko ya viti, meza za kukunja, zulia, choo, halafu mikanda. Viti ni sabini na viwili.

Mikanda ndiyo iliyompa jina. Hairuhusiwi kuning'inia. Kila mkanda hulazwa juu ya kiti, kipande cha kulia juu ya cha kushoto, vikapishana katikati, ili abiria akiingia akute kiti kinachomsubiri. Mama Mikanda hulaza mkanda bila kuutazama, huku akimsimulia mwenzake bei ya sabuni. Mwandishi wa makala haya alijaribu kumsaidia safu moja na akafukuzwa kwa heshima.

"Asante mwanangu, lakini kaa pale mbele," alimwambia. "Tutachelewesha watu."

Utani wa mume una asili yake. Ndege ikitoka hapa ikiwa safi, huko inakotua inapokelewa na kundi jingine la wanawake wanne, nao wanaisafisha na kuirudisha. Makundi haya mawili yamegawana ndege zilezile kwa miaka mingi bila kuonana hata siku moja. Kwa hiyo Mama Mikanda na wenzake huwaita wale wa upande wa pili wake wenza.

"Si ndiyo? Mume mmoja, nyumba mbili," anasema. "Anatoka kwangu ananukia, anarudi kwangu amejaa makombo. Nami najua analala wapi, ila sijawahi kumwona huyo anayemlisha."

Hajawahi kumwona, lakini anamjua. Kwenye kiti alichokalia abiria, mkanda hurudi umevurugika. Kiti ambacho hakikukaliwa hurudi na mkanda wake kama ulivyolazwa huko. Viti vitupu ndivyo vinavyobeba salamu. Miaka kumi na miwili iliyopita, Mama Mikanda alianza kukuta viti vitupu ambavyo kipande cha kushoto kimelala juu ya cha kulia, kinyume na wanavyofanya wote, lakini kwa unadhifu wa kumtia mtu wivu. Kila chuma cha mkanda kilikuwa katikati barabara.

"Nikasema, huyu anatumia mkono wa kushoto. Na hana mchezo kazini. Tangu siku hiyo namwita Wa Kushoto. Asipokuwepo kazini najua. Akiwa na haraka najua. Kuna wiki nzima mkono wake haukuonekana, nikawa sina raha kabisa, nikidhani amekufa. Kumbe alikuwa likizo."

Kutoka uwanja huu hadi ule ni kilomita mia tano na sitini kwa njia ya angani. Ndege hutumia saa moja na robo. Kwa barabara ni habari nyingine, kwa sababu barabara haina mabawa. Inaizunguka milima yote, inafika kilomita mia nane na arobaini, na basi huchukua saa kumi na tano likiwa halijapata hitilafu. Nauli ya ndege ni zaidi ya mshahara wa mwezi wa Mama Mikanda. Lakini mfanyakazi mwenye mkataba hupewa tiketi moja kila mwaka ya kwenda na kurudi, kwa sharti kwamba asubiri hadi kaunta ifungwe, aone kama kiti kimebaki.

Mpaka siku ya mahojiano ya kwanza, Mama Mikanda alikuwa ameziacha tiketi zake zote zikapita muda. Mtu aliyeingia ndani ya ndege maelfu ya mara alikuwa hajawahi kuwa ndani ya ndege inayoruka.

"Naogopa," alisema, bila kuzungukazunguka. "Mimi na ndege tunaheshimiana ikiwa chini."

Woga wake haukutokana na hadithi za watu. Ulitokana na taka. Mama Mikanda anaweza kukueleza safari ilivyokuwa kwa kuangalia kilichobaki kwenye viti. Hewa ikiwa tulivu, vikombe vinarudi vitupu, na vifuko vya sukari vimepasuliwa vizuri. Ndege ikirushwarushwa juu ya milima, chai inarudi imejaa, au haipo kikombeni bali ipo kwenye zulia. Halafu kuna tishu.

"Mtu mwenye raha anaikunja tishu, anaiacha. Mtu mwenye hofu anaisokota. Anaisokota mpaka inakuwa kama kamba. Nimeokota kamba za namna hiyo mpaka nimechoka. Watu wanashuka wanacheka na kupiga picha pale chini, mimi juu naokota ukweli wao."

Mumewe, fundi wa majokofu mwenye maneno machache na mzaha mwingi, hakuwahi kumlazimisha. "Mke wangu ni kama mpishi asiyekula," alisema nyumbani kwao, akiwa amepiga magoti mbele ya jokofu la jirani. "Lakini safari hii atakula. Safari hii hana ujanja."

Safari hii ilihusu binti yao.

Binti huyo, kifungua mimba wao, ni mwalimu wa chekechea. Aliolewa mji wa pili. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku moja adhuhuri, kabla ya wakati, mambo yakaharibika. Alimpigia mama yake simu. Mama Mikanda alitoka kazini mbio na glavu mkononi, akawapita wenzake waliokuwa wakisafisha ndege iliyokuwa ikijiandaa kwenda hukohuko, akaenda kituo cha mabasi.

Basi liliharibika njiani. Alifika kesho yake jioni.

"Nilimkuta ameugeukia ukuta," alisema. Hapo mikono yake ilikuwa imeacha kufanya kazi, jambo ambalo mwandishi hakuliona tena siku ile. "Mtoto alikuwa ameshazikwa. Binti yangu hakunilaumu hata kidogo. Angenilaumu ningepumua. Aliniambia tu, pole na safari, mama. Yeye ananipa pole mimi!"

Sasa binti alikuwa mjamzito tena, na madaktari walikuwa wamepanga kumfanyia upasuaji siku ya Ijumaa. Wiki mbili kabla, alimpigia mama yake akamwambia neno moja tu la maana: "Mama, usije kwa basi. Njoo na hiyo ndege yako."

Mama Mikanda alikubali kabla hajafikiri. Halafu akakosa usingizi.

Siku aliyozungumza na gazeti hili ilikuwa Jumanne, na safari ilikuwa Alhamisi alasiri. Alionekana mtu aliyejikaza kisabuni. Alizungumza kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, wenzake walisema, na alikuwa amekwisha kumtuma mhudumu mmoja wa ndege ampelekee Wa Kushoto habari kwamba mke mwenza wake anakuja. Mhudumu aliporudi na ndege ya jioni, alikuwa na jibu.

"Amesema uache woga," mhudumu alimwambia mbele ya kundi zima. "Halafu amesema yeye mwenyewe hajawahi kupanda, kwa hiyo ukifika salama umweleze ikoje."

Wanawake wanne walicheka mpaka wakashikana. Mama Mikanda ndiye aliyecheka zaidi, akafuta machozi kwa mkono wa kizibao.

"Kumbe tuko wawili!" alisema.

Alhamisi haikufuata mpango. Saa nne asubuhi mkwe alipiga simu. Uchungu ulikuwa umeanza bila kusubiri Ijumaa wala madaktari, na binti alikuwa ameingizwa hospitali. Hakuna tena alasiri. Kulikuwa na ndege ya saa sita mchana. Mama Mikanda, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni nyumbani, alikuja uwanjani na begi dogo na kitenge alichokifunga juu ya gauni la kanisani. Mumewe alimsindikiza hadi kwenye kioo cha ukumbi wa kusubiri. Mwandishi alikuwepo.

Kusubiri kwenye kaunta kulikuwa kugumu. Mama Mikanda alikaa kwenye kiti cha chuma akiwahesabu abiria kwa midomo. Baadaye alikiri alichokuwa akikiomba.

"Naona aibu kusema. Moyo mmoja uliomba nipate kiti. Moyo wa pili uliomba ijae. Ikijaa si kosa langu, naenda zangu kwenye basi. Nilikuwa na mioyo miwili kama mtu mwenye pepo."

Kaunta ilifungwa. Msichana wa tiketi alinyanyua kichwa. "Mama, viti vimebaki vinne. Safu ya mwisho yote. Twende, mama, twende."

Mumewe alimshika bega. "Mama yao," alisema, "ukirudi utanikuta hapahapa." Hakutania safari hii.

Alivuka uwanja kwa miguu pamoja na abiria wengine. Kwenye ngazi za nyuma alizozipanda maisha yake yote, alikwama. Mguu mmoja ulikuwa kidato cha mwisho, mwingine kidato cha chini yake, na mkono wake umeng'ang'ania chuma. Abiria wawili walimpita wakiomba radhi. Wenzake watatu walikuwa chini, na mifuko ya taka mikononi.

Kutoka pale mlangoni safu ya mwisho inaonekana vizuri. Aliitazama. Viti vinne vilikuwa vimekuja vitupu kutoka upande wa pili, na mikanda yake ilikuwa imelala kipande cha kushoto juu ya cha kulia, kila chuma katikati barabara.

Utaratibu wa kundi lake ni kwamba hata mkanda wa kiti kitupu lazima ulazwe upya, kulia juu ya kushoto, ndege nzima ifanane. Wenzake walikuwa wamelaza safu kumi na saba. Ya kumi na nane hawakuigusa.

"Tumekuachia salamu zako!" mmoja alipiga kelele kutoka chini.

"Nilipoiona mikanda ile," Mama Mikanda alisimulia, "nilijua kuna mtu ameniandalia mahali. Mkono huo naujua. Miaka kumi na miwili haujawahi kufanya kazi ovyo. Nikasema, aa, basi mimi ni mgeni, nimekaribishwa. Mgeni haanzi kukataa mlangoni." Akaingia, akakaa dirishani.

Mwandishi alibaki chini na mume wa Mama Mikanda, ambaye aliifuata ndege kwa macho mpaka ikawa nukta, na aliendelea kutazama pale ilipokuwa nukta.

Wiki tatu baadaye Mama Mikanda amerudi kazini, na anasimulia yaliyobaki akiwa kwenye chumba cha wafanyakazi, kile chenye makabati ya chuma na birika lisilozimika. Anasimulia kama mtu aliyeshinda mashindano.

Ndege iliporuka alifumba macho. Alipofumbua, uwanja ulikuwa mdogo kama trei. Juu ya milima ikatikisika, akasikia viti vyote sabini na viwili vikilia, akawa anavijua kila kimoja kinacholia na kwa nini. "Cha kumi na moja kina skrubu iliyolegea, nilishawaambia," anasema. Mhudumu alimletea chai, akainywa yote. Alikataa kuirudisha imejaa.

"Sikutaka Wa Kushoto akute kikombe changu kimejaa. Angenicheka."

Kisha milima ikaisha. Akaona barabara kule chini, uzi mwembamba unaopinda na kupinda, na juu yake kitu kidogo kinatambaa. Huenda lilikuwa basi. Alilitazama mpaka likapotea nyuma ya bawa, na hapo, anasema, alilia kwa kilio cha miaka mitatu, uso kwenye dirisha, bila sauti.

Ndege ilitua. Na ndipo Mama Mikanda alipofanya kosa ambalo pengine hakuna abiria mwingine duniani amelifanya.

Aliyekaa safu ya mwisho, karibu kabisa na mlango wa nyuma, ndiye anayestahili kushuka wa kwanza. Binti yake alikuwa kwenye uchungu, mkwe alikuwa nje na gari la rafiki. Mama Mikanda hakuinuka. Alikaa kimya, mikono mapajani, akawaacha watu wapite mmoja mmoja, akimsubiri abiria wa mwisho afike chini. Mwili wake wa miaka kumi na minne haukujua njia nyingine. Abiria wa mwisho alipogusa ardhi, ndipo akainuka, na badala ya kuelekea mlangoni akaanza kazi.

"Nilianza na kiti changu mwenyewe," anasema, akijishika kichwa. "Nikatia mkono kwenye mfuko wa kiti, nikakuta tishu imesokotwa kama kamba. Nikasema, maskini, huyu alikuwa na hofu. Mama we! Kumbe ni yangu."

Aliiweka tishu mfukoni, akalaza mkanda, akaenda safu iliyofuata, na iliyofuata. Alikuwa amelaza safu nne, vikombe vitatu viko kwapani, akiwa bado na gauni la kanisani na kitenge chake, wakati wanawake wanne wenye vizibao walipoingia wakasimama midomo wazi.

Mwanamke mrefu, mwembamba, aliyeshika mfuko wa taka kwa mkono wa kushoto, ambaye mhudumu alikuwa amekwisha kumpa habari za uchungu pale chini ya ngazi, ndiye aliyezinduka wa kwanza.

"Wewe!" alifoka. "Unafanya nini humu?"

"Nasafisha," alijibu Mama Mikanda.

"Toka! Mwanao anazaa wewe unalaza mikanda? Weka vikombe hivyo chini! Hapa ni kwangu!"

Wanawake hao wawili, waliofahamiana kwa miaka kumi na miwili, walikumbatiana kwa muda usiozidi kupiga chafya. Kisha Wa Kushoto alimgeuza kwa mabega, akamsukuma mpaka mlangoni na kumteremsha ngazi, akampigia mlinzi kelele amfungulie njia.

Mwandishi alipompigia simu Wa Kushoto kuthibitisha habari hii, kicheko chake kilichukua muda kutulia. "Ni kweli tupu," alisema. "Na zile safu nne nilizirudia. Alilaza kulia juu. Siwezi kuacha ndege yangu iende hivyo."

Hospitali, mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa na muuguzi mkali. Mama Mikanda alimwambia amekuja kwa ndege, kana kwamba hicho ni kibali, na muuguzi akampisha. Binti alikuwa amelala chali, jasho usoni, macho yake yakiwa mlangoni. Hakuwa ameugeukia ukuta.

"Umekuja na nini?" aliuliza kabla ya salamu.

"Na ndege."

Binti alimshika mkono, akaubana mpaka pete ikauma. Upasuaji haukuhitajika. Jua likiwa linazama, mtoto wa kike alilia kwa sauti ambayo bibi yake anadai imezidi injini, na Mama Mikanda ndiye aliyempokea katika kanga.

"Mara ya kwanza nilifika nikapewa pole," anasema. "Safari hii nilifika nikapewa mtoto."

Nje kengele inalia. Ndege ya mchana imetua. Mama Mikanda anavaa glavu zake za njano na mwandishi anamfuata chini ya mkia, ambako wenzake wanasubiri abiria wa mwisho, baba mmoja aliyesahau kofia na kuirudia mara mbili.

Mipango anayo, na anaitaja akiwa amesimama. Mwisho wa mwaka binti atakuja na mtoto, na mkwe ameapa watakuja kwa ndege. Tiketi yake ya mwaka ujao haitapita muda. Tayari amemwambia mkuu wa zamu. Lakini kabla ya yote kuna jambo la Wa Kushoto, ambaye naye ana tiketi kila mwaka, ambaye naye huziacha zote zikapotea. Mama yake mzazi anaishi upande huu, mwendo mfupi kutoka uwanjani, na kila mara humwendea kwa basi.

"Nimemwambia, mke mwenzangu, chai inanyweka. Amesema anafikiria. Mimi pia nilisema hivyohivyo."

Kofia inapatikana. Baba anagusa ardhi. Mama Mikanda anapanda ngazi, na ndani ya dakika kumi na tano ndege inang'aa kuanzia mbele hadi nyuma. Wenzake wanashuka. Yeye anabaki kwenye safu ya mwisho, kiti cha dirishani, ambacho leo kilikuwa na abiria na mkanda wake umevurugika.

Anaulaza. Anautazama, kwa mara ya kwanza tangu mwandishi amjue. Anachukua kipande cha kulia kwanza, anakiweka chini, kisha juu yake anakilaza cha kushoto. Mkono wake unagoma. Anarudia mpaka chuma kinakaa katikati. Hufanya hivyo kwa kila ndege inayoondoka sasa, kiti hicho kimoja tu, na mkuu wa zamu ameamua kutokuona.

"Abiria akikikalia, sawa, nitaulaza tena kesho," anasema. "Lakini kikifika kwake kitupu, ataona mkanda umelazwa kama wake, na ataujua mkono si wake. Nataka siku akisimama pale mlangoni miguu ikikataa, ajue mahali pake pameshaandaliwa."